Yaliyofukiwa mchangani

Desemba 15, 2024 dhoruba ilizikumba meli mbili za mafuta za Urusi, Volgoneft 212 na Volgoneft 239, kwenye Mlango wa Bahari wa Kerch. Moja ilikatika vipande viwili na baharia mmoja akafa. Kwa pamoja zilibeba zaidi ya tani 9,000 za mafuta mazito, na maelfu ya tani yalimwagika. Baada ya siku mbili yalikuwa yamefika Anapa, mji unaosifika kwa fukwe zake za mchanga.

Simama nami hapo ufukweni kidogo. Wimbi moja huleta mafuta. Yanayofuata huleta mchanga safi na kuyafunika. Ukipita asubuhi utadhani pamepona. Chimba kwa koleo, unakuta tabaka jeusi. Kule chini hewa ni haba, na vijidudu vinavyokula mafuta vinahitaji hewa, kwa hiyo uchafu huo huweza kukaa miaka. Mkileta mitambo mizito kwa pupa, mnaukandamiza chini zaidi. Halafu dhoruba nyingine inakuja kuufukua. Tena haya ya Anapa mengine yalizama kwa uzito na baridi. Maelfu ya watu walijitolea kuzoa mchanga na kuosha ndege, lakini kiangazi cha 2025 watu bado walikatazwa kuogelea pale.

Hapo namkumbuka Musa katika Kutoka sura ya 2. Yule Mmisri alimfukia mchangani, akidhani hakuna aliyeona. Kesho yake tu habari ilikuwa midomoni mwa watu.

Tuseme ni dhoruba? Meli zile zilikuwa na zaidi ya miaka 50, na ni za aina iliyoundwa kwa mito na maji ya karibu na pwani. Kuna mtu aliziruhusu zitoke majira ya baridi. (Nasi hupanda mabasi ya namna hiyo, tukaishia kuomba ulinzi.)

Na kanisani kwetu je? Binti anadhulumiwa na mtu mwenye cheo, kikao kinaitwa, wazee wanasema tuyamalize humu humu, jina la kanisa lisichafuke. Jumapili inayofuata kwaya inaimba vizuri kabisa. Mtu yule anahamishiwa usharika mwingine. Binti bado anakuja ibadani, siku hizi anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na katika kikao kile chote hakuna aliyemwita aseme yaliyompata.