Ati Tusijaribiwe Dawa za Moyo?

Kila nikiweka posti kuhusu majaribio ya dawa, lazima msee aje na ile yake ya "sisi si panya wa wazungu." Sawa, hofu naielewa. Lakini tuskizane.

Kuna ugonjwa wa moyo unaoanzia kwa koo utotoni, koo likiuma na lisitibiwe. Unakula vali za moyo. Ulaya umebaki kidogo sana, huku bado unaangusha watu wakiwa wadogo. Sasa dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, ilipojaribiwa kwanza, wenye vali iliyobana sana waliachwa nje. Jaribio la INVICTUS likaja kuwauliza wenyewe: wagonjwa zaidi ya 4,500, nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wakiwa wanawake. Majibu yakatoka 2022. Waliotumia warfarini na dawa zingine za zamani za aina yake walikufa wachache kuliko waliopewa ile mpya.

Manze, bila hao watu tungekuwa bado tunabahatisha na mioyo ya mamzazi.

Kelele tupige, lakini ya maana: fomu ya idhini kwa lugha shosho anaelewa, nauli ya anayetoka Lodwar, na dawa ikifaulu, ifike dispensari ya mtaa.