Ukibadili mtutu, usikimbilie kaliba kubwa

BUNDUKI ya kuwindia haizeeki kwa siku moja. Huanza kwa kumkosa ngiri aliyesimama mita 80 tu. Mwenyewe hulaumu macho yake, kisha hulaumu risasi, na mwishowe fundi huchungulia ndani ya mtutu na kusema umekwisha.

Hapo ndipo wamiliki wengi hukosea. Kwa kuwa mtutu lazima ubadilishwe, huona ni nafasi ya kuhamia kaliba kubwa zaidi, kana kwamba ukubwa wa risasi ndio utakaoleta nyama nyumbani.

Mimi nasema hapana. Kaliba mpya ichaguliwe kwa mambo matatu: sheria, mtambo wa bunduki uliyonayo, na risasi unazoweza kuzipata dukani mwaka hadi mwaka. Nguvu ije baadaye.

Lakini kwanza hakikisha kuwa mtutu umekufa kweli. Mara nyingine tatizo ni masalia ya shaba yaliyoganda ndani, skrubu za darubini zilizolegea, au mdomo wa mtutu uliogongwa. Hayo hutengenezwa bila kununua mtutu mpya. Kama mifereji ya ndani imelika au kutu imekula chuma, hapo kweli hakuna ujanja.

Tuanze na sheria. Kwa Tanzania, silaha za kiraia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kaliba ni sehemu ya utambulisho wa silaha. Ukibadili mtutu kimyakimya, unabaki na bunduki isiyolingana na karatasi zake, na hakuna duka halali litakalokuuzia risasi zake. Kwa hiyo safari inaanza polisi, halafu ndiyo iende kwa fundi mwenye leseni.

Jambo la pili ni mtambo. Tuchukue mfano wa Mauser ya mwaka 1898, bunduki ya Kijerumani ambayo mtambo wake umeigwa na viwanda vingi duniani. Nyingi zilitengenezwa kwa risasi ya 8x57, yaani upana wa milimita 8 na ganda lenye urefu wa milimita 57.

Kitako cha ganda hilo kina upana wa takriban milimita 12. Kitako cha .30-06, risasi ya Marekani ya mwaka 1906, ni hichohicho. Cha 9.3x62 nacho ni karibu sawa. Maana yake ni kwamba komeo lako linazishika zote bila kuchongwa. Kwa .30-06, ambayo ni ndefu kidogo, huenda ghala la risasi likahitaji marekebisho madogo.

Hiyo 9.3x62 haikutokea kwa bahati. Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 ili walowezi na wawindaji katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika wapate risasi nzito ndani ya Mauser ya kawaida, bila kununua bunduki ya gharama kubwa. Alianza na mtambo uliokuwepo, ndipo akaitafutia risasi.

Sasa linganisha na .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912. Ni risasi nzuri, na nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huichukua kuwa kipimo cha chini kwa nyati na wanyama wengine hatari. Lakini kitako chake kina milimita 13.5 na urefu wake wote unazidi milimita 91. Ili iingie kwenye Mauser ya kawaida, lazima komeo lichongwe na chuma cha mtambo kikatwe. Unalipa fedha nyingi ili kupunguza uimara wa bunduki yako. Anayehitaji .375 na anunue bunduki iliyozaliwa na .375.

Jambo la tatu ni risasi, na hapa wafanyabiashara watanielewa haraka. Mtutu unanunua mara moja, risasi unanunua maisha yako yote. Tuseme unatumia risasi 40 kwa mwaka, pamoja na za kulengea shabaha. Kwa miaka 10 ni risasi 400. Kaliba moja ikizidi nyingine kwa Sh3,000 kwa kila risasi, tofauti ni Sh1,200,000. Hiyo ni hesabu ya risasi tu, bila nauli ya kuzifuata mjini na kukuta zimekwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa fundi kazi, pita kwenye maduka yenye leseni. Usiulize kaliba ipi ina nguvu. Uliza ipi imekuwepo rafuni miaka mitatu mfululizo.

Wapo watakaosema risasi kubwa hufidia shabaha mbovu. Si kweli. Bunduki inayokupiga teke sana bega inakufundisha kufumba macho kabla ya kufyatua. Risasi ya .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7, ikipigwa mahali pake, inatosha kabisa kwa swala, kongoni, ngiri na nguruwe pori.

Kwa mwenye Mauser ya 8x57, ushauri wangu ni huu: kama risasi zake unazipata, rudisha kaliba ileile. Kama hazipatikani, nenda .30-06. Chagua 9.3x62 ikiwa tu una duka la uhakika.

Kazi ikiisha, usiondoke bila mambo mawili. Fundi apime kwa vipimo maalumu nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi, na jina la kaliba mpya ligongwe kwenye mtutu na kuingizwa kwenye kumbukumbu za silaha. Siku moja bunduki hiyo itashikwa na mwanao au mnunuzi asiyejua historia yake. Akiweka risasi isiyo yake, chuma kinaweza kumpasukia usoni.

Kupanga ni kuchagua. Chagua bunduki utakayoweza kuilisha.