Kiungulia Si Jina la Maradhi

Yapata miaka saba sasa nalala kama abiria wa gari moshi, nusu nimelala na nusu nimeketi, kwa kuwa chini ya miguu ya kitanda changu, upande wa mchagoni, nimeweka matofali yaliyokiinua kwa kadiri ya sentimita 15. Na wajukuu zangu wajapo Tororo wakati wa likizo huambiana kwa kicheko kwamba kitanda cha babu kinapanda Mwamba, wakikusudia ule mwamba mkubwa uliousimamia mji wetu tangu kabla ya reli na kabla ya mpaka. Siwakasirikii. Matofali hayo yamenipa usingizi ambao vidonge vya miaka minne havikunipa, na thamani yake ni shilingi chache, ziwe za Uganda au za Kenya.

Maradhi yangu huitwa ngiri ya kiwambo. Mtu wa huku kwetu asikiapo neno ngiri hufikiri kinena au korodani, na akiambiwa kwamba iko ngiri ipandayo kifuani hudhani unamfanyia mzaha. Kiwambo ni ukuta wa misuli utengao kifua na tumbo, na katika ukuta huo pana tundu ambalo umio hupitia ukiuelekea mfuko wa chakula: ni lango halali, lenye mlinzi wake, nao ni ule msuli wa mwisho wa umio ambao kazi yake ni kufunguka chakula kishukapo na kukaza tindikali itakapo kupanda. Tundu hilo lilegeapo, kwa uzee, kwa unene, kwa mimba, kwa kikohozi cha miaka au kwa kunyanyua vizito, sehemu ya juu ya mfuko hupenya ikaingia kifuani, kama gunia la sukari lipitavyo njia ya panya usiku pale Busia ilhali forodha iko hatua chache kando yake. Na mlinzi, akiisha kuondolewa mahali pake, hana tena nguvu ya kuzuia chochote. Aghalabu, kwa watu tisa au zaidi katika kila kumi, mfuko huo huteleza ukapanda na kushuka, na wengi miongoni mwao huishi na kufa pasipo kujua kwamba walikuwa nao. Wachache wana aina ya pili, ambayo mfuko hujipandisha kando ya umio ukakaa huko, nayo ndiyo ya kuogopwa, kwani yaweza kujisokota na kukatiwa damu.

Haya niliyajua kwa kuchelewa, na taksiri si ya wengine peke yao. Mara ya kwanza niliposhikwa na moto wa kifua nilikwenda duka la dawa, na kijana aliyekuwamo akanijibu kabla sijaimaliza sentensi yangu: "Hizo ni alsa tu, mzee wangu. Meza hizi, na pilipili uiache." Nikatii. Nafuu ilipokwisha nilivuka mpaka, nikaenda kemisti upande wa Kenya, na mama aliyekuwa kaunta akaniambia kwa upole, "Pole baba, hizo ni alsa." Tazama jinsi tulivyo: serikali mbili, sarafu mbili, bendera mbili, na pande zote mbili nikapewa jina lile lile la maradhi na watu wawili ambao hawakuniona hata ulimi. Miaka minne nikameza. Ndipo siku moja tabibu mmoja wa makamo akaniuliza swali ambalo hakuna aliyepata kuniuliza: "Je, mzee, moto huo huzidi uinamapo kufunga viatu?" Ulizidi sana. Nikapelekwa mji mwingine kumulikwa kwa ule mpira mwembamba wenye kamera, jambo nililoliogopa kama kunyongwa na ambalo lilichukua muda usiofika robo saa, na humo ikaonekana ngiri, wala hapakuwa na kidonda hata kimoja.

Rai yangu, basi, ni kwamba sisi wa mpakani tumezoea kupima dawa kabla ya kupima maradhi, na kwamba mashauri yote juu ya kidonge au kisu ni upuzi mtupu mpaka pawepo mtu aliyetazama ndani. Kiungulia ni dalili. Chaweza kutoka katika ngiri, au katika kidonda kiletwacho na kile kijidudu ambacho Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kukigundua, na ambacho dawa yake ni nyingine kabisa. Na chaweza kutoka katika jambo baya zaidi, nitakalolitaja mbele.

Katika habari hii Uganda ina kisa ambacho wachache hukikumbuka. Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Enniskillen, huko Ireland, mwaka 1911, aliwasili nchini mwaka 1946, akahudumu kwanza Lira na kisha hospitali ya Mulago, Kampala, na ulimwengu humjua kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hata leo huchukua jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walitoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, wakasafiri kwa majuma kumi zaidi ya kilomita 16,000 mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi saratani ile huonekana na wapi haionekani. Ada hiyo ya kuuliza haikumtoka. Alipokuwa amekwisha kurejea Uingereza aliendelea kuziandikia hospitali za misheni za Afrika, safari hii akiyaulizia maradhi ya Wazungu, na mwaka 1973 yeye na mwenzake wakatoa katika jarida la Lancet makala iliyoihusisha ngiri ya kiwambo na chakula kilichoondolewa makapi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: mtu alaye unga mweupe huwa na choo kigumu, na ajikamuapo kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, msukumo wa tumbo huupandisha mfuko juu, ilhali mwanakijiji wa Afrika, mla mtama na wimbi na mboga za majani, achuchumaaye shambani, hana haja ya kujikamua, na kwa sababu hiyo ngiri hii kwake ni adimu. (Burkitt hakuona haya, alizoea kuwaonyesha mabwana na mabibi waliokuja kumsikiliza picha za vinyesi alivyovikuta vichakani.)

Sina ujuzi wa kumkosoa, na sharti nikiri kwamba alikuwa na mashahidi: madaktari wa Nigeria walichapisha mwaka 1977 uchunguzi wa watu wazima 1,030 walionyweshwa bariamu na kupigwa eksirei, na walioonekana kuwa na ngiri hiyo walikuwa wachache mno. Lakini neno adimu lina madhara yake likikaa sana vichwani. Hospitali nyingi alizoziandikia Burkitt hazikuwa na bariamu wala kamera, na maradhi ambayo wengi wa wenyewe hawayahisi hayawezi kujitangaza kwa daktari asiye na chombo cha kuyaonea. Fauka ya hayo, mwanakijiji wa Burkitt ni nani siku hizi? Katika utoto wangu ugali wa nyumbani ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, na mrenda wake. Leo tangu Malaba hata Busia asubuhi huanza kwa chapati ya unga mweupe, mchana ni sima ya mahindi yaliyokobolewa, na jioni ni soda, na mtu apandaye pikipiki hata kwenda dukani hunenepa kiunoni kama ofisa wa zamani. Ikiwa Burkitt alisema kweli, basi ukweli wake sasa unatushuhudia sisi. Na ikiwa alikosea, maradhi yalikuwapo siku zote na hatukuyatazama. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, tabibu wa leo hana udhuru wa kuyasahau.

Sasa nije katika tiba, nisemee nafsi yangu kwanza. Jambo la awali lililonifaa ni saa. Kwetu chakula kikubwa huliwa saa tatu usiku, na saa nne watu wamelala, yaani mfuko ukiwa umejaa kabisa ndipo tunapoulaza sawa na umio. Nilipohamisha mlo wangu ukawa saa kumi na mbili, na kuupunguza, usiku wangu ulibadilika ndani ya juma moja. Mke wangu aliudhika, kwa maana hakuna heshima katika kula peke yako kama mgonjwa kabla wageni hawajafika, na hilo si jambo dogo katika nyumba ya Kiafrika. La pili ni ajono, pombe yetu ya kienyeji. Huketi bado pamoja na wazee wenzangu kuizunguka nyungu na mirija yetu mirefu, kwani mtu hawezi kujitenga na watu kwa ajili ya kiungulia, lakini mrija wangu siku hizi hugusa pombe kwa nadra, nao hujifanya hawaoni. La tatu ni uzito: nilipunguza kilo tisa, na sinyanyui tena magunia. Hapa nawahurumia makuli wa Malaba na Busia, ambao tabibu akiwaambia waache kunyanyua vizito ni sawa na kuwaambia waache kula.

Vidonge sivilaani. Omeprazoli na ndugu zake hukausha tindikali vizuri, na umio uliochomwa hupona. Ila aghalabu tunavimeza vibaya, baada ya chakula, ilhali vyataka kumezwa kadiri ya nusu saa kabla ya chakula, na kisha tunavimeza miaka na mikaka pasipo mtu wa kuuliza kama bado vyahitajika, wala hatuambiwi kwamba ukiviacha ghafula tindikali hurudi kwa hasira ukadhani maradhi yamezidi. Tena havirudishi mfuko mahali pake. Huzima moto, lango hubaki wazi.

Kisu ndicho kifungacho lango. Rudolf Nissen, mpasuaji Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Basel, alitangaza mwaka 1956 njia ya kuuzungushia umio sehemu ya juu ya mfuko kama mtu avaavyo shali shingoni, na tangu mwaka 1991 kazi hiyo hufanywa kwa vitundu vidogo badala ya kupasua tumbo lote. Walio wengi hufurahi. Wengine hubaki na taabu ya kumeza, au gesi wasiyoweza kuicheua, na si haba warudiao vidonge baada ya miaka. Mpasuaji mmoja alinieleza yote hayo kwa uungwana, kisha akanitajia gharama, nami nikawahesabu ng'ombe wangu kichwani nikaona hawatoshi. Lakini hata wangetosha ningekataa, kwa maana matofali na saa kumi na mbili vimenitosheleza. Lau ningekuwa na ile aina ya pili, au ningekuwa kijana wa miaka 30 ambaye vidonge havimtulizi, ningewauza ng'ombe hao.

Jambo baya zaidi nililoahidi kulitaja ni saratani ya umio. Sisi tunaishi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia hata kusini, ambamo saratani hiyo ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na magharibi ya Kenya imo ndani yake. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa saratani wamehesabu vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kuwa yamkini huisababisha, nasi chai twainywa ikitoa moshi. Mtu akwamwaye na chakula, akondaye bila sababu, atapikaye damu au atokaye choo cheusi kama lami, huyo si mtu wa kemisti.

Tarehe 24 Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua Busia kituo kimoja cha mpakani, ili lori likaguliwe mara moja tu na kuachiliwa lipite. Nawasihi wakuu wa afya wa pande zote mbili waufanyie umio wa raia walau hisani ile waliyoufanyia mzigo wa lori: kamera ya kumulikia, mtu aijuaye kazi yake, na mlango usiomuuliza mgonjwa amelala upande gani wa mpaka. Nawe msomaji uliyeanza kukwamwa, nenda kesho, na ukifika umweleze tabibu siku ilipoanza na chakula kilichoanza kukukwama, ikiwa ni tonge la ugali au hata uji.