KONA YA WALIMU: Msikiti mdogo wa Kizimkazi

Mwezi huu tunawapeleka mbali. Basi hatuna, karatasi za kuvukia mpaka pia hatuna, kwa hiyo tutasafiri kwa maneno tu. Tupande boda boda mpaka Busia (jina hilo lilizaliwa hapo hapo mpakani, ingawa watu wa Kampala wanadhani ni lao), tushike basi la Nairobi, tuendelee mpaka Mombasa, kisha tuvuke bahari hadi Unguja. Kusini ya kisiwa, pale Dimbani, ndipo ulipo msikiti wa Kizimkazi.

Safari hii imetokana na swali la wanafunzi wetu: ati Mkristo anaruhusiwa kuingia msikitini? Tunajua wazazi wengine wamekataza watoto hata kusimama mlangoni pa jirani akiwa anaswali. Kizimkazi wageni wa dini nyingine huingia. Wanangoja swala iishe, wanaomba ruhusa kwa mwangalizi, wanavua viatu, na akina mama wanajifunika kichwa. Wakitoka, kila mtu bado ana dini yake.

Kwa nje utasema tumekudanganya. Ni nyumba ndogo ya mawe, juu mabati kama ya hapa kwetu. Lakini ingia, utazame ukuta wa mbele, upande wa kibla. Kuna mihrabu, yaani ile sehemu iliyoingia ukutani anaposimama imamu akiswalisha. Imechongwa kwa mawe ya matumbawe. Tumbawe likitoka majini ni laini, fundi hulichonga mapema, halafu likikauka linakuwa gumu. Kandokando kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa zamani uitwao Kufi: herufi zimesimama wima, na ncha zake zinachanua kama majani na maua. Nyinyi watoto mnaochukia mwandiko, mfikirieni huyo fundi. Akikosea, ufutio ataupata wapi?

Maandishi hayo yanasema Sheikh Abu Imran aliamuru msikiti ujengwe, siku ya Jumapili, mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 kwa kalenda yetu ya shuleni. Kuta zenyewe hazikudumu hivyo. Sehemu kubwa inayoonekana ilijengwa upya karne ya 18. Ila waliojenga upya hawakuyatupa mawe yenye maandishi, na ndiyo sababu miaka zaidi ya 900 baadaye tunajua mpaka siku ya wiki.

Hapa kambini hali ni nyingine. Darasani kwetu wamo watoto wasiojua walizaliwa lini. Vyeti vilibaki nyumbani, vingine viliungua, na mzazi ukimwuliza anasema, "Ilikuwa wakati wa mavuno." Mtoto kama huyo hupata taabu akitakiwa kujiandikisha kwa mtihani. Na bibi anayekumbuka akituacha, ndio basi tena.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, njooni darasani. Leteni kadi ya kliniki kama ipo, na babu au bibi mwenye kumbukumbu. Tutaandika jina la mtoto, majina ya wazazi, kijiji, siku na mwaka, nakala mbili: moja yenu, moja tuitunze sisi. Waislamu, Wakristo, wote karibuni. Daftari na kalamu tunazo.