Nafsi Moja, Mifuko Miwili

Tumfikirie kijana wa mjini Adelaide, nchini Australia, ambaye maradhi yamempofusha akiwa na umri wa miaka 20. Sasa anahitaji fimbo, mwalimu wa kumfunza kuvuka barabara, na mtu wa kumsaidia kuishinda hofu inayomfungia nyumbani. Aidha, amepatwa na sonona. Je, ni lipi kati ya hayo lipasalo kugharimiwa na umma, na kutoka mfuko upi?

Mwaka 2013 Australia ilitunga sheria ya kuanzisha Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu. Kabla ya huduma kulipiwa, sheria hiyo yauliza kama gharama yake yalingana na manufaa, kama yaelekea kumfaa mhusika kwa kadiri ya ujuzi wa kisasa, na kama si wajibu wa jamaa zake au wa idara nyingine ya serikali. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024 ipo pia orodha ya yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Miongoni mwa yaliyokataliwa ni uganga wa mawe ya fuwele na kupiga ramli kwa karata. Wapo walioinung'unikia orodha hiyo. Katika hili la ramli mimi sina nung'uniko. Fedha ya umma haina budi kufuata ushahidi, na mwanafunzi wa sayansi atalitambua swali hilo la manufaa kuwa ni lile lile aulizwalo kila siku katika maabara: umejuaje?

Shida imo katika swali la mwisho. Kwa kanuni za mpango huo, huduma ya saikolojia hulipiwa inapomjengea mtu uwezo wa kutenda shughuli za maisha yake. Inapokuwa tiba ya ugonjwa wa akili, huhesabiwa kuwa kazi ya idara ya afya. Basi mtaalamu akimfundisha kijana wetu kuikabili hofu ya barabara, mpango wa ulemavu waweza kulipa. Akiigeukia sonona, mlipaji ni Medicare, bima ya afya ya taifa, ambayo huchangia vikao visivyozidi 10 kwa mwaka, tena kwa idhini ya daktari. (Wakati wa UVIKO-19 viliongezwa hadi 20, nyongeza hiyo ilikoma mwishoni mwa 2022.)

Mpaka huo wasomeka vizuri katika karatasi. Lakini sonona huondoa hamu ya kutoka; asiyetoka hafanyi mazoezi ya fimbo; na asiyefanya mazoezi, hofu humzidi, na sonona nayo. Ni kisu gani kitakachoigawa saa moja ya mazungumzo katika mafungu mawili?

Wanaoutetea mpaka wana hoja nzito. Hospitali za umma huendeshwa na majimbo, na bila mpaka kila idara ingeusukumia mpango wa ulemavu deni lake. Nakubali. Ila mzozo huo ni wa wahasibu. Hivi sasa mwenye ulemavu ndiye atakiwaye kuleta ripoti za wataalamu kuthibitisha kwamba shida yake ni ya upande huu, si wa ule. Mimi naona huduma ianze kwanza kwa tathmini moja, kisha idara zigawane gharama zenyewe kwa zenyewe, hata kama zitabishana mwaka mzima. Kijana aliyefungiwa na hofu hana mwaka wa kungoja.