Mtoto ndani ya telefone



Juma lililopita, nyuma ya mkutano, mama mmoja wa shirika letu alinionyesha telefone yake kwa furaha. Ana mimba ya miezi minne. Binti yake alimwekea programu moja: unalaza telefone juu ya tumbo, unangoja kidogo, picha ya mtoto inaonekana. Akaniambia: «Mwalimu, feza ya kwenda Likasi kufanya ekografi, sasa nitalipa nayo minerval ya watoto.»

Sikubishana naye. Nilichukua telefone, nikailaza juu ya mfuko wa unga wa mahindi. Tukangoja. Akaonekana mtoto yule yule! Tulicheka, kisha yeye akanyamaza.

Ekografi ni kama mwangwi. Ukiita mbele ya mawe makubwa, sauti inarudi. Mashine inatuma ndani ya tumbo sauti ambayo sikio la mtu halisikii, na kwa ile inayorudi inachora picha. Telefone peke yake haiwezi kufanya hivyo.

Ni kweli, kuna vifaa vidogo vya kuunga na telefone vinavyofanya ekografi ya kweli, kama Butterfly iQ. Kule Kenya, mwaka 2022, wazalishaji walianza kufundishwa kuvitumia. Lakini kifaa ndicho kinachotuma sauti. Telefone inaonyesha picha tu, na aliyefundishwa ndiye anayejua kuisoma.

Tangu 2016, OMS inashauri kila mwenye mimba afanye ekografi moja mbele ya majuma 24. Inaonyesha umri wa mimba, kama ni mapacha, na kondo la nyuma limekaa wapi. Kujua mapacha mapema ni kupanga mapema mahali pa kuzalia. Kuwajua usiku hapa Koni, uchungu umekwisha kuanza na Likasi iko mbali, ni jambo lingine.

Na ukiona damu, kichwa kikiuma sana, uso ukivimba, au mtoto akiacha kucheza, usingoje ekografi wala telefone. Nenda kwa mganga siku ile ile.

Yule mama amefuta programu. Na wamama wa likelemba wamekubali apokee yeye kwanza mwezi huu. Minerval itafuata.