Kabla hujamwita mtoto mtukutu, angalia anaishi wapi

Mwalimu amekuita shuleni mara tatu muhula huu. Mtoto wako hatulii darasani, anapiga wenzake, hasikii akiambiwa. Umemchapa, umemnyima runinga, na hakuna kilichobadilika. Mzazi akifika hapo husema basi, ndivyo alivyozaliwa, au karithi ukorofi wa mjomba wake.

Ngoja kwanza. Desemba 2024, Mahakama ya Juu Zaidi ya Kenya iliwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, fidia ya Sh1.3 bilioni waliyoshinda mwaka 2020, kabla Mahakama ya Rufaa haijaitengua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa kando ya mtaa huo kiliacha madini ya risasi kwenye udongo na katika damu za watu, wakiwemo watoto. Gumzo limekuwa la pesa. Kwako mzazi, swali kubwa ni hili: madini hayo yanafanya nini kichwani mwa mtoto?

Mwili huyachukulia madini ya risasi kana kwamba ni kalsiamu. Seli za ubongo hutumia kalsiamu kupelekeana taarifa, hivyo risasi ikishika nafasi yake, mawasiliano yanavurugika. Inayoumia sana ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hiyo ndiyo breki yetu: humfanya mtu asite kabla ya kurusha ngumi. Hukomaa polepole, hadi mtu apite miaka 20, kwa hiyo sumu ya utotoni huikuta bado inajengwa.

Mjini Cincinnati, Marekani, watafiti waliwafuatilia watoto tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliokuwa na risasi nyingi zaidi damuni walikamatwa na polisi mara nyingi zaidi ukubwani, yakiwemo makosa ya kutumia nguvu. Picha za ubongo wa baadhi yao zilionyesha sehemu ya mbele imepungua.

Usinielewe vibaya. Si kila mtoto mkorofi ana sumu mwilini, wala si kila mwenye sumu atakuwa mhalifu. Kukosa usingizi, kutosikia vizuri, kifafa na vipigo vya nyumbani pia hubadili tabia. Ila fimbo haiondoi risasi kwenye damu, na mtoto anayeishi kwa hofu huzidi kuvurugika.

Kwa hiyo, tazama mazingira yako. Je, mnaishi karibu na mahali panapofunguliwa au kuyeyushwa betri? Rangi ya zamani inabanduka ukutani na mtoto anaitafuna? Sufuria yenu imetengenezwa kwa vyuma chakavu? Mtoto hupakwa wanja usiojulikana ulikotoka? Baba hurudi kutoka gereji na kumbeba mtoto kabla ya kubadili nguo?

Mara nyingi hakuna dalili za wazi. Wengine huumwa tumbo, hukosa choo au hupungukiwa damu. Kipimo cha damu ndicho kinachothibitisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Zipo dawa za kutoa risasi mwilini kwa walioathirika sana, lakini hazirudishi uwezo wa ubongo uliokwisha kupotea. Ndiyo maana kuzuia ni muhimu kuliko kutibu.

Nyumbani, mnawishe mtoto mikono kabla ya kula. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu. Mpe dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, kwa sababu mwili uliopungukiwa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Mama mjamzito naye ajihadhari, kwani risasi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Ukifika kliniki, usiseme tu "mtoto huyu ni mtundu". Mweleze daktari mnaishi wapi, baba na mama wanafanya kazi gani, na mtoto huchezea wapi. Usisubiri akuulize.